Baada ya B Ije 'B: Mbinu za Kupanga Kamusi ya Kilugbara na Kikakwa

Mwanafunzi wa darasa la tatu mjini Arua anafungua kamusi kutafuta neno 'ba, ambalo kwa Kilugbara ni watu. Alitafute wapi? Mtunzi mmoja ataliweka katikati ya maneno ya B kana kwamba ile ritifaa haipo. Mwingine ataipa 'B sehemu yake, mara tu B inapokwisha. Wa tatu, aliyeiachia kompyuta ipange yenyewe, huenda akalikuta mwanzoni kabisa mwa kitabu, kabla hata ya A, limerundikwa pamoja na maneno yote yanayoanza na 'd, 'w na 'y, kwa kuwa mashine haikuona herufi pale, iliona alama ya uandishi tu. Maneno ni yaleyale katika kamusi zote tatu. Kinachotofautiana ni kama mtoto atalipata neno lake kabla hajakata tamaa.

Nawaandikia walimu, makatekista, watangazaji wa redio na wanafunzi wa vyuo wanaokusanya maneno ya lugha zao kuanzia Arua hadi Koboko, na ng'ambo ya mipaka kule Aru, Kongo, na Yei, Sudan Kusini. Kukusanya kunachosha, lakini kila mtu anajua namna ya kukusanya: unakaa na wazee, unauliza, unaandika. Kupanga ndiko kunakodharauliwa, na ndiko kunakoweza kuifanya kazi ya miaka isitumike. Tangu mwaka 2007 mtaala wa shule za msingi Uganda unataka madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya mahali pale inapowezekana. Kwa hiyo kamusi ya Kilugbara haikai tena kwa padri na mtafiti peke yao. Inashikwa na mwalimu mwenye darasa lililojaa, na hana dakika tano za kutafuta neno moja.

Kwanza tuelewe tunashughulika na nini. Kilugbara ni ndugu wa Kimadi, na Kikakwa ni ndugu wa Kibari cha Sudan Kusini. Lugha hizi mbili hazitoki ukoo mmoja, ila zimekaa jirani muda mrefu na zote zina b na d za aina mbili: ile inayosukuma pumzi nje na ile inayoivuta ndani. Kihausa kina sauti za namna hiyo pia, na kilizitafutia herufi zenye ndoano, ɓ na ɗ, kufuatana na alfabeti ya Afrika iliyotolewa London mwishoni mwa miaka ya 1920. Huku kwetu njia ikawa nyingine. Mkutano wa lugha wa Rejaf, kusini mwa Sudan, uliojadili namna ya kuziandika lugha za huko, ulifanyika Aprili 1928, na mtaalamu wa lugha za Afrika, Diedrich Westermann, akiwa mshauri wake. Miaka mitano baadaye, katika sarufi ya Kibari ya Padri Spagnolo ya mwaka 1933, tunakuta sauti hizo zikiandikwa kwa ritifaa mbele ya herufi: 'b, 'd, 'y. Kilugbara nacho kinaziandika vivyo hivyo, na kina 'w vilevile. Ritifaa ilikuwa rahisi kwa taipureta na kwa mkono. Ugumu wake ulijitokeza kompyuta zilipofika, kwani kwa kompyuta ritifaa ni alama ya kunukuu.

Ukurasa mmoja kabla ya kupiga chapa

Kabla hujafungua programu yoyote, chukua karatasi moja uandike herufi zote za lugha yako kwa mpangilio utakaoufuata, ya kwanza hadi ya mwisho. Andika kwa kalamu. Kisha wapelekee watu watakaotumia kamusi: mwalimu wa madarasa ya chini, mwalimu wa sekondari, mtu wa kanisa anayesoma Biblia kwa lugha hiyo, mtu wa msikitini, mzee asiyeandika sana lakini anayesikia tofauti za sauti. Wabishane mbele yako. Ubishi ukitokea leo juu ya karatasi ni afadhali kuliko kutokea baada ya kurasa mia tatu kuchapwa.

Maswali ya kuamuliwa si mengi, ila kila moja lina uzito wake.

La kwanza ni hizo herufi zenye ritifaa. Zikichanganywa na ndugu zake, 'ba itafuata ba, na neno linalofuata linaweza kuwa la sauti hii au ile. Faida yake ni kwamba msomaji asiyejua kama neno lina ritifaa atalikuta tu. Na wasiojua ni wengi. Angalia neno la kushukuru, awa'difo: kwenye mabango na kwenye jumbe za simu limezoeleka kuandikwa awadifo, bila alama yoyote. Hasara yake ni kwamba sauti mbili ambazo mwenye lugha anazisikia kuwa tofauti kabisa zinafundishwa kuwa moja. Mimi nasimama na wanaozitenganisha: B yote iishe, ndipo 'B ianze, D yote, kisha 'D, W, kisha 'W, Y, kisha 'Y. Mtoto anayejifunza kusoma atafundishwa na kamusi yenyewe kwamba hizo ni herufi kamili za lugha yake. Yule asiye na hakika asaidiwe kwa njia nyingine: mwishoni mwa sehemu ya B weka mstari unaosema kama hukulipata neno hapa litafute katika 'B, na palipo na maneno mawili yanayofanana isipokuwa ritifaa, kila moja limtaje mwenzake.

Kuziweka zote mwishoni baada ya Z sikushauri. Anayeitafuta 'b akili yake iko kwenye b, na mkono wake utakwenda huko.

La pili ni herufi pacha na herufi tatu zinazotamkwa kwa pamoja: gb, kp, dr, tr, mb, mv, nd, ndr, nz, ny na nyinginezo. Hapa watu huvutwa na ukamilifu wa kitaalamu, wakataka kila sauti iwe na sehemu yake. Kamusi ikifanywa hivyo kwa Kilugbara, N peke yake itavunjika vipande vingi, na neno ndri, mbuzi, litakuwa mbali sana na mahali ambapo macho ya mtu aliyezoea Kiingereza au Kiswahili yataanza kulitafuta. Kamusi za Kiswahili zina mfano mzuri. Tuna sh, th, dh, gh na ny, kila moja sauti yake, lakini katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu maneno ya sh yamo ndani ya S kwa mpangilio wa kawaida, na hakuna anayepotea. Wahispania walikaa muda mrefu wakizipanga ch na ll kama herufi za pekee, hadi vyuo vyao vya lugha vilipoamua mwaka 1994 kuzirudisha ndani ya C na L. Wawelisi kwa upande wao wanaendelea kuzitenga ch, dd, ll na wenzake, na ng yao inakuja baada ya g, si ndani ya n. Njia zote mbili zinafanya kazi. Isiyofanya kazi ni ile ya kutenga hapa na kuchanganya pale bila kumwambia msomaji.

Ushauri wangu kwa Kilugbara: zile zinazoanza na m na n ziachwe ndani ya M na N. Gb, kp, dr na tr zinaweza kupewa nafasi yake baada ya g, k, d na t, kwa sababu ni sauti zinazosikika wazi kuwa kitu kimoja na zinaanzisha maneno ya kila siku: gbe, yai, dri, kichwa. Wakubwa wenu wakiamua vinginevyo, fuateni uamuzi wao, mradi uwe mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

La tatu linasahaulika mara nyingi. Ritifaa katika Kilugbara haikai mbele ya b, d, w na y tu. Kuku ni a'u. Pale hakuna konsonanti baada ya alama. Koo ndilo linalofungwa kidogo kati ya irabu mbili. Je, hiyo ni herufi? Kwa matamshi, ndiyo. Kwa kupanga, naona ni bora kuipuuza, a'u ikae pale ambapo au ingekaa. Lakini lazima iandikwe kwenye ule ukurasa, maana programu itakuuliza.

La nne ni toni. Ti kwa Kilugbara ni mdomo, na ndiyo hiyo iliyomo katika jina la lugha yenyewe, Lugbarati. Ti pia ni ng'ombe, na ti ni kuzaa. Maandishi ya kawaida hayaonyeshi tofauti, toni ndiyo inayotofautisha. Alama za toni zisiingie kabisa katika mpangilio wa kwanza. Panga kwa herufi kana kwamba hazipo. Maneno yakilingana kila herufi, hapo tu ndipo toni iamue, ya chini kwanza, ya kati, kisha ya juu, na kila kidahizo, yaani neno linalofafanuliwa, kipewe namba ndogo. Ukizifanya herufi zenye alama kuwa herufi mpya, utamlazimisha msomaji kujua toni ya neno kabla hajalipata, ilhali pengine toni ndiyo iliyomfanya afungue kamusi.

Wenye Kikakwa kule Koboko wana lao la tano. Sauti ya mwanzo wa neno la Kiswahili ng'ombe inaandikwa ŋ katika Kibari na Kikakwa, kama katika ŋutu, mtu. Lakini kibodi za kawaida hazina ŋ, hivyo wengine wanaandika ng'utu na wengine ngutu. Katika faili lako iwe ŋ mahali pote, na ikae baada ya N. Ukiacha ng', utakuwa na ritifaa inayokuja nyuma ya herufi upande mmoja na inayotangulia herufi upande mwingine, na hakuna mashine itakayozitenganisha bila makosa.

Ritifaa ipi?

Sasa tuingie kwenye kompyuta, na hapa naomba msomaji awe mvumilivu, kwa kuwa ndipo kazi nyingi zinapoharibika kimyakimya.

Ukiandika 'ba katika Word, programu inadhani unafungua nukuu, inaigeuza ritifaa nyoofu kuwa alama iliyopinda ya kufungulia. Ukiandika awa'difo, inadhani umekata neno, inaigeuza kuwa iliyopinda ya kufungia. Kwa macho ni karibu sawa. Kwa mashine hizo ni alama mbili tofauti, na ile nyoofu uliyoiandika kwenye simu ni ya tatu. Kwa hiyo herufi moja ya Kilugbara ina sura tatu ndani ya faili moja, na utafutaji wa 'd utaacha nusu ya maneno. Zima mtindo huo wa kugeuza alama za kunukuu katika mipangilio ya kujisahihisha kabla ya neno la kwanza.

Excel ina hatari kubwa zaidi. Ukianza kisanduku kwa ritifaa, Excel inaichukua kuwa amri ya kusema "hiki ni maandishi, si namba", kisha inaificha. Unaandika 'ba, unaona ba. Hakuna onyo lolote. Jedwali la Google nalo linafanya hivyo. Ukilihamisha faili kwenda programu nyingine ritifaa zote za mwanzo zitakuwa zimekwenda, na hutaweza kujua ni ba zipi zilikuwa 'ba ila kwa kurudi kwenye daftari. Hata zile za katikati ya neno, Excel inazipuuza inapopanga. Ukilazimika kutumia ritifaa ya kawaida humo, anza kwa kuiandika mara mbili: ya kwanza italiwa, ya pili itabaki.

Dawa ya kudumu ni kutotumia alama ya kunukuu kabisa. Katika Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta, kuna herufi ꞌ, yenye namba A78C, na kubwa yake Ꞌ yenye A78B, zilizoingizwa mwaka 2008. Zinafanana na ritifaa nyoofu, lakini kompyuta inazijua kuwa ni herufi: haizipindi, Excel haizifichi, na ukibofya neno mara mbili linashikwa lote. Fonti za shirika la lugha la SIL, kama Andika na Charis, zinazo, na zinapatikana bure. Usimlazimishe kila mkusanyaji aliye Maracha au Ludara aiandike hiyo kwenye simu yake. Waache watume kwa ritifaa ya kawaida; wewe unayepokea ndiye utakayebadilisha, siku hiyohiyo, kabla orodha haijaingia kwenye faili kuu.

Kuifanya mashine itii

Programu iliyotengenezwa kwa kazi hii ni FieldWorks ya SIL, nayo ni bure. Katika mipangilio ya lugha kuna sehemu ya upangaji ambapo unaandika herufi moja kila mstari, ndogo kisha nafasi kisha kubwa, kwa mpangilio wa ule ukurasa wako. Mstari wa b B utafuatwa na mstari wa ꞌb ꞋB, na kadhalika. Kuna pia njia ya kanuni ndefu zaidi kwa wenye ujuzi. Katika kanuni hizo ritifaa ya kawaida ina maana yake maalumu na itavuruga kila kitu, sababu nyingine ya kutumia ꞌ. Toolbox, programu ya zamani ambayo bado inatembea kwenye kompyuta dhaifu, ina orodha kama hiyo na mahali pa kutaja alama za kupuuzwa.

Kama una jedwali tu, usikate tamaa. Ipo mbinu inayofanya kazi katika programu yoyote: safuwima ya ufunguo. Kila herufi ipe namba ya tarakimu mbili kwa mpangilio wako. Tuseme a ni 01, b 02, ꞌb 03, c 04, d 05, ꞌd 06, dr 07, e 08, f 09, g 10, gb 11, h 12, i 13. Kwenye safuwima ya pili, neno linageuzwa kuwa namba zake, na mbele yake unaweka k ili programu isilidhanie kuwa hesabu. Hivyo ba ni k0201, ꞌba ni k0301, ꞌdi, yaani hii, ni k0613, dri ni k0713, na gbe ni k1108. Kisha panga jedwali zima kwa safuwima ya ufunguo, uifiche. Mashine haitabishana nawe tena.

Kubadilisha huko kuna sharti moja lisilovunjwa: anza na ndefu. Kama ndr umeipa namba yake, ibadilishwe kabla ya dr na nd, na gb kabla ya g na b. Baada ya hizo badilisha ꞌb, ꞌd, ꞌw na ꞌy, ndipo herufi moja moja zifuate. ꞌ itakayosalia, kama ile ya aꞌu, ifutwe. Ile k ya mbele iongezwe mwisho kabisa, isije nayo ikageuzwa namba.

Kwa Kilugbara mbinu hii haikosei, kwa sababu silabi zake zinaishia kwenye irabu. Popote uonapo gb, ni sauti moja. Kikakwa hakina usalama huo. Katika ukoo wa Kibari silabi inaweza kufungwa na konsonanti, kama piom, maji, kwa Kibari. Kwa hiyo konsonanti ya kufunga silabi na ya kufungua inayofuata zinaweza kukutana na kuonekana kama herufi pacha. Wawelisi wana mji wa Bangor wenye tatizo hilohilo: n na g zake ni mbili, hivyo haupangwi kwa ng. Mwenye kamusi ya Kikakwa atie alama ya siri, nyota kwa mfano, kati ya herufi zinazokutana kwa bahati, aiondoe wakati wa kuchapa.

Asiye na kompyuta atumie kadi: neno moja, kadi moja, na kisanduku kimoja kwa kila mstari wa ukurasa wake wa herufi. Hiyo ni kazi halali kabisa. Mpangilio uliofanywa kwa mikono na mtu anayeijua lugha unaweza kuwa sahihi kuliko wa programu iliyowekwa vibaya.

Maneno yaliyozaliwa na mengine nitayapitia haraka. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya Kiswahili ya mwaka 1939, aliyaweka chini ya mzizi, kwa hiyo mpishi unamtafuta kwenye pika. Kwa msomi ni utaratibu mzuri. Kwa mtoto wa shule ni mtihani. Kila neno lipate kidahizo chake, na mzizi utajwe ndani.

Ijaribu kabla ya kuichapa

Chapa kurasa za A hadi 'D peke yake, uzipeleke shuleni. Wape watoto maneno kumi kwa mdomo, si kwa maandishi, matano kati yake yakiwa ya 'b na 'd. Usiwasaidie. Tazama kila mmoja anafungua wapi kwanza. Wengi wakienda mahali pamoja ambapo neno halipo, mpangilio ndio wenye kosa, si watoto. Rudia na watu wazima sokoni, hasa wale waliosoma kwa Kiingereza au Kifaransa. Aliyesoma ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, huenda akawa na mazoea mengine ya tahajia, naye pia ni msomaji wako.

Uamuzi wa mwisho uchapishwe ndani ya jalada la mbele, herufi zote kwa mpangilio, na juu ya kila ukurasa neno la kwanza na la mwisho. Na wewe unayekusanya maneno ya Kikakwa ukiwa Koboko, au ya Kilugbara ukiwa Arua, mtafute anayefanya kazi hiyohiyo Yei, Aru au Yumbe, mwonyeshe ukurasa wako wa herufi sasa, kabla hujachapa, mkubaliane juu ya huo mmoja kwanza.